Filamu za panki na indi za kutazama bure: jibu kwa msomaji wa Langoni

Swali: Shikamoo. Mimi ni msichana wa Langoni, Amu. Nimemaliza chuo na sasa namsaidia mjomba dukani. Rafiki yangu wa Nairobi alinitumia nyimbo za panki, ule muziki wa magitaa ya kasi na makelele, na za bendi hizi ndogo ndogo wanazoziita indi, nikazipenda kuliko nilivyotarajia. Nikitafuta filamu za kunieleza historia yake, karibu zote zataka nilipe kwa kadi, na kadi sina. Ziko za bure zenye maana? Kaka yangu asema hizo ni kelele za Wazungu walioshiba. Na la mwisho: tuko kama kumi hivi, wasichana kwa wavulana, twataka kuzitazama pamoja kwa projekta ya kukodi. Yaruhusiwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Zipo, tena si haba. Na nitakwambia jambo ambalo huenda wengi wasilikubali: katika muziki huu, filamu ya bure mara nyingi huipita ya kulipia. Sisemi hivyo kukuliwaza kwa kukosa kadi. Ni kwa sababu ya jinsi filamu hizi zinavyotengenezwa.

Kampuni ikitaka kutoa filamu ya muziki, kila wimbo unaosikika ndani yake wahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Zote mbili ni pesa, na mara nyingi wanaozishika ni kampuni za muziki ambazo hazijui ndugu wala jamaa. Ndiyo maana filamu huuzwa ghali, au mkataba wa nyimbo ukaisha na filamu yenyewe ikatoweka usiione tena. Halafu mtu aliyelipa pesa zote hizo hujihadhari. Huwaita wazee mashuhuri, huwakalisha kwenye makochi, kila mmoja aeleze alivyoigeuza dunia. Umeona moja, umeziona zote. Upande wa pili kuna filamu zilizopigwa na mtu aliyekuwa mle mle ukumbini, sahibu wa bendi, na bendi yenyewe ndiyo yenye lebo yake, yaani kampuni ya kutoa rekodi. Hapo ruhusa ni simu moja. Mtu kama huyo akiamua baadaye kuiweka kazi yake mtandaoni watu watazame, hana wa kumwomba. Basi kabla ya kubonyeza, jiulize: aliyeshika kamera alikuwa wapi siku ile?

Ningekuwa wewe ningeanza na We Jam Econo, filamu ya mwaka 2005 inayohusu bendi iitwayo Minutemen. Imekuwa ikitazamwa mtandaoni nzima, bila malipo, kwa miaka. Minutemen walikuwa vijana watatu wa San Pedro, mtaa wa bandari ulio pembeni kabisa mwa Los Angeles: D. Boon kwenye gitaa, Mike Watt kwenye besi, George Hurley kwenye ngoma. Walianza mwaka 1980. Nyimbo zao ni fupi ajabu, nyingi hazifiki dakika mbili, na zina siasa, mzaha, jazi na funki ndani yake, hata mtu wa panki wa kawaida hushindwa aziweke wapi. Mwaka 1984 walitoa albamu moja ya sahani mbili yenye nyimbo zaidi ya 40.

Katika filamu hii Watt, sasa mtu mzima, anaendesha gari lake mitaani San Pedro huku akisimulia. Hapa tulisoma, hapa tulifanya mazoezi, pale kwenye ile bustani ndipo nilipomjua D. Boon, tulipokuwa watoto, aliponiangukia kutoka juu ya mti. Husikii mtu akijisifu. Wasikia hesabu: walirekodi usiku wa manane kwa sababu studio ni rahisi saa hizo, walibeba vyombo wenyewe, walilala sakafuni kwa watu. Kila senti ina maelezo. Kisha unafika Desemba 1985, gari lao linapinduka jangwani Arizona na D. Boon anafariki akiwa na miaka 27, na Watt anayaeleza hayo kwa sauti ya mtu ambaye kwake bado ni juzi. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha vizuri hivi kwamba bendi kwanza ni urafiki. Na mji wao ni mji wa bandari, ambako baba za watu ni mabaharia na mafundi. Wewe wa Amu utaufahamu upesi kuliko mtu wa bara.

Sasa kaka yako. Sijui maskani ya Langoni isiyopiga rege, kwa hiyo mwekee The Punk Rock Movie, ya mwaka 1978. Aliyeipiga ni Don Letts, kijana mweusi wa London, wazazi wake Wajamaika. Mwishoni mwa 1976 palifunguliwa klabu ndogo mtaa wa Covent Garden, ikiitwa Roxy, na Letts ndiye aliyewekwa kupiga sahani baina ya bendi moja na nyingine. Panki ilikuwa changa mno hata rekodi zake hazijatolewa za kutosha kujaza usiku mmoja. Akapiga alichokuwa nacho nyumbani: rege, dabu, Jamaika tupu. Vijana wa Kizungu waliokuja kusikia magitaa wakaondoka na besi ya Kingston masikioni. Ndipo mwaka 1977 The Clash, bendi ya panki ya London, wakaurekodi upya wimbo wa rege wa Mjamaika Junior Murvin, Police and Thieves, na mwaka huo huo Bob Marley mwenyewe akatoa Punky Reggae Party. Kaka yako aujua wimbo huo. Muulize panki imeingiaje humo.

Utaona filamu ya Letts imekatika katika, picha yaruka, wimbo haujaisha tumeshahamia kwingine. Usidhani ni ufundi wa kisasa. Alikuwa na kamera ya Super 8, na mkanda mmoja wa kamera hiyo haudumu hata dakika nne. Ukiisha, watoa, watia mwingine, na bendi haikungoji. Mtu asiye na pesa za mikanda hujifunza kuchagua la kupiga na la kuacha, na ndiyo sababu picha zake zina haraka ile. Miaka mingi baadaye Letts alitengeneza filamu rasmi ya The Clash, Westway to the World, ikapata tuzo ya Grammy. Ni nzuri, imepangika, ina makochi. Mimi bado nairudia ile ya kwanza.

Kuna mtu mmoja ndani ya kizazi hicho ambaye nataka umjue kuliko wote. Jina lake la jukwaani ni Poly Styrene. Jina la kuzaliwa ni Marianne Elliott-Said, na huyo Said ni baba yake, Msomali. Mama yake ni Mzungu wa Uingereza. Alizaliwa 1957, akakulia Brixton, kusini mwa London. Siku aliyotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakipiga kwenye gati ya mji wa Hastings mbele ya watu wachache, akarudi nyumbani akaweka tangazo la kutafuta wenzake, ikawa X-Ray Spex. Alipanda jukwaani na waya za meno mdomoni, nguo za rangi za kuumiza macho alizozibuni mwenyewe, na sauti ya kupasua bati. Wimbo wao wa kwanza, Oh Bondage Up Yours!, wa 1977, unaanza kwa kuikejeli ile methali ya Kiingereza kwamba msichana aonekane lakini asisikike. Halafu anapiga ukelele. Mwanangu, hata kama Kiingereza chako ni cha darasani tu, hapo hutahitaji mkalimani.

Filamu kuhusu yeye ziko mbili. Ya kwanza ni ya BBC, ya mwaka 1979, katika mfululizo wao wa Arena, inaitwa Who Is Poly Styrene? Ni fupi, na imepigwa yeye yu katikati ya mambo, bado msichana, anatembea mjini akitazama vitu vya plastiki madukani na kuyaeleza mawazo yake kwa upole ambao hukuutarajia baada ya kusikia ule ukelele. Vipande vyake huzagaa mtandaoni. Ya pili ni Poly Styrene: I Am a Cliché, ya 2021, aliyoitengeneza binti yake, Celeste Bell, pamoja na Paul Sng. Hii kwa kawaida ni ya kulipia, lakini nakutajia kwa sababu inavunja ile kanuni yangu. Imetengenezwa baada ya mama kufariki, mwaka 2011, na ina pesa kiasi ndani yake, ila mwenye kusimulia ni mtoto aliyelelewa na mtu huyo na ana malalamiko yake. Anamtafuta mama aliyeugua, aliyepewa na madaktari jina la ugonjwa ambao sio, aliyeacha muziki akaingia kwa Wahare Krishna, kundi la dini lenye asili ya Kihindi. Hakuna kujipamba. Ikipita kwenye runinga, au rafiki wa Nairobi akiwa nayo kihalali, usiikose.

Turudi kwenye "Wazungu walioshiba". Kushiba gani? Mwaka ule wa 1976 Uingereza yenyewe ilikwenda IMF kukopa, kama sisi, na wasio na kazi walikuwa zaidi ya milioni moja. Vijana wale walikuwa wakiimba njaa yao. Na kuhusu rangi, mwambie kaka aanze kuhesabu. Detroit, 1975, ndugu watatu weusi wa ukoo wa Hackney wanarekodi muziki ambao baadaye ungeitwa panki, kabla wale wa London hawajajulikana. Bendi yao inaitwa Death. Tajiri wa muziki anawaambia badilisheni jina niwasaidie. David, mkubwa wa bendi kwa maono, anakataa. Wanachapisha wenyewe nakala 500 za wimbo mmoja, hazinunuliwi, kanda zinakwenda kukaa darini. David anafariki mwaka 2000. Mwaka 2009 kanda zile zinatolewa kuwa albamu na dunia inashangaa. Filamu ni A Band Called Death, ya 2012, na mwisho wake utakutoa machozi. Washington nako kulikuwa na Bad Brains, weusi wanne walioanza kwa kupiga jazi, wakawa Marasta, wakawa wanapiga panki ya kasi kuliko watu wote na kuivunja katikati kwa rege tulivu. Konseti zao za 1982 katika klabu ya CBGB ya New York zilirekodiwa kwa video, na kipande chochote cha hizo ni bora kuliko maelezo yangu.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Punk in Africa, ya mwaka 2012, inayozunguka Afrika Kusini, Msumbiji na Zimbabwe. Si filamu kamilifu. Inataka kusema mengi kwa muda mchache, na sehemu za mwisho zinakimbia. Lakini sehemu ya National Wake pekee yatosha. Hao walikuwa Johannesburg kuanzia 1979, weusi wa Soweto na weupe katika bendi moja, wanaishi nyumba moja katika mtaa ambao kwa sheria mweusi hakuruhusiwa kuishi. Kuishi na kupiga pamoja vile kulikuwa kwenda kinyume na sheria za ubaguzi. Albamu yao ya 1981 haikupewa nafasi ya kuuzwa. Ukiona picha zile za rangi iliyofifia, wanacheka, wanavuta, wanapiga, huku wajua polisi waweza kugonga mlango wakati wowote, neno "kelele" linakosa maana. Zambia pia wana yao, ingawa ni roki ya miaka ya 1970 wala si panki. We Intend to Cause Havoc, ya 2019, inamfuata Jagari, mwimbaji wa bendi ya WITCH, ambaye baada ya umaarufu aliishia kuchimba vito. Na Nairobi leo kuna Crystal Axis, wanaojiita panki bila kuona haya na wameimba kuhusu vyumba vya mateso vya Nyayo House. Hao hawana filamu kubwa bado, ila video zao ziko YouTube wazi.

Na kama kaka angali anabisha, mkumbushe beni. Zamani za wazee wetu, hapa pwani, vijana wa mitaa ya Amu na Mombasa walivaa sare za kuigiza maafisa wa kijeshi, wakajipa vyeo, wakashika tarumbeta, wakapita barabarani wakishindana na kutukanana kwa mashairi. Watu wazima walilalamika, serikali ya kikoloni ikawatilia shaka. Mjukuu wa watu hao hana haki ya kushangazwa na kijana wa London aliyejibandika pini.

Sasa moja yenye tahadhari. The Decline of Western Civilization, ya Penelope Spheeris, ilipigwa Los Angeles kati ya 1979 na 1980, ikatoka 1981. Wengi huiweka namba moja, na kwa ufundi siwapingi. Spheeris anawaweka vijana mmoja mmoja chini ya balbu tupu, anawauliza maswali mepesi, ananyamaza, wao wanajimaliza kwa maneno yao. Maneno ya nyimbo nyingi yameandikwa chini ya picha, jambo zuri sana kwa sisi tunaosikiliza Kiingereza cha haraka. Mkuu wa polisi wa jiji hilo alimwandikia asiionyeshe tena mjini, na mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika hazina ya filamu za kuhifadhiwa daima. Kama waijua Kenya, waijua safari hiyo. Lakini ndani mna matusi ya kila aina, mna dharau kwa wanawake na kwa mashoga, mna kijana anayejiharibu kwa dawa mbele ya kamera. Huyo ni Darby Crash wa bendi ya Germs, na alifariki kabla filamu haijatoka. Itazame peke yako kwanza. Usiifungulie kikundi ukiwa hujui kilichomo.

Dawa ya hiyo ni Instrument, ya mwaka 1999. Jem Cohen alisoma shule moja na Ian MacKaye wa bendi ya Fugazi, akawapiga picha kwa zaidi ya miaka kumi, kwa kamera za kila namna. Haina msimulizi. Wala haikuelezi nani alizaliwa wapi. Unaona foleni ya watazamaji, nyuso moja moja, kimya. Unaona bendi ikijaribu wimbo usiokubali. Unaona MacKaye akisimamisha shoo kwa sababu mtu mbele anawapiga wenzake, anamwita, anamrudishia kiingilio chake, anamtoa. Kiingilio chao kilikuwa dola 5 kwa miaka mingi, na watoto walikaribishwa. Kwa mtu asiyewajua itakuwa nzito dakika ishirini za kwanza. Vumilia.

Kuhusu indi kwa maana ya bendi ndogo za gitaa zisizo na hasira sana, filamu ni nyingi na nyingi zinachosha. Athens, GA: Inside/Out, ya 1987, ni ya mji mdogo wa chuo huko Georgia uliotoa R.E.M. na B-52's. Yapendeza kwa sababu inauonyesha mji kuliko nyota wake. Hype! ya 1996 ni ya Seattle na ile granji ya kina Nirvana, na sehemu bora ni pale wenyeji wanapoicheka biashara iliyowavamia. Nyingine siziagizi. Badala yake fungua chaneli ya KEXP, redio ya Seattle, ambao huweka YouTube bendi za ulimwengu mzima zikipiga moja kwa moja studioni, na mahojiano mafupi katikati. Utajifunza humo kuliko kwenye filamu kumi za wazee wa makochi. Na siku mkitaka kucheka, tafuteni Heavy Metal Parking Lot. Ni dakika 17 tu, vijana wawili wenye kamera mbele ya ukumbi wa Maryland mwaka 1986, wanawahoji mashabiki wa bendi ya Judas Priest kabla ya konseti. Si panki hata kidogo, na ina lugha chafu ya walevi, lakini ilisambaa kwa kanda za kunakiliana mkononi miaka mingi kabla ya intaneti, na leo yapatikana kwa sekunde.

Najua pia utaulizwa, au utajiuliza mwenyewe, kuhusu dini. Kuna filamu ya Kanada, Taqwacore: The Birth of Punk Islam, ya 2009, kuhusu vijana Waislamu wa Marekani, bendi kama The Kominas, waliomfuata mwandishi Michael Muhammad Knight katika safari ya basi. Wanafukuzwa kwenye mkutano mkubwa wa Waislamu kwa kupanda jukwaani kama walivyopanda. Yamo maneno yatakayokuudhi, na mengine yametiwa makusudi yaudhi. Nusu ya pili, wanapokwenda Pakistani na Knight anarudi Msikiti wa Faisal alikosomea alipokuwa kijana aliyesilimu, imetulia na ina uzito zaidi. Wapo na wa Aceh, Indonesia, jimbo la sharia, ambako Desemba 2011 polisi waliwakamata vijana wa panki zaidi ya 60 kwenye konseti ya kuchangia mayatima, wakawanyoa vichwa na kuwapeleka kambini kurekebishwa.  Wewe ni mtu mzima na una wazee wako. Mimi nakwambia zipo na zina nini.

Tukija kwenye kutafuta: usipoteze bando kwenye Tubi na Pluto TV, maana huduma hizo za bure zenye matangazo hazikulengwa kwetu na kwa kawaida hazifunguki Kenya. BBC iPlayer ni ya walio Uingereza. Kanopy, huduma nyingine ya filamu, yataka kadi ya maktaba iliyojiunga nao. Zinazobaki ni mbili kubwa, YouTube na Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Hii ya pili watu wetu hawaitumii vya kutosha. Faida yake ni kwamba filamu nyingi zina kitufe cha kupakua, wachukua faili ya MP4 mara moja ukiwa mahali penye Wi-Fi nzuri, na umemaliza. Humo humo kuna majarida ya panki yaliyoskaniwa, kama Maximum Rocknroll, unaweza kuyasoma filamu ikipakuliwa.

YouTube tazama nani ameweka. Jina la chaneli ni la mtengenezaji, la bendi, la lebo au la kituo cha runinga? Sawa. Ni jina la ovyo lenye filamu 400 zisizohusiana? Hiyo imeibwa. Dalili nyingine ni picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo ili mitambo ya hakimiliki isiitambue. Ukiona wapiga gitaa wote ni wa mkono wa kushoto, ujue. Na tovuti yoyote inayotaka uweke programu kwanza ndipo uione filamu, funga mara moja, hiyo yatafuta simu yako.

Bando halina haja ya kukutisha. Baadhi ya filamu hizi zilipigwa kwa Super 8 au VHS, na kanda ya VHS haina undani wa kuzidi mistari 240 hivi. Kuitazama kwa 1080p ni kulipia ukungu. Weka 360p, saa moja haitafika nusu GB, na hutakosa kitu. Kama Kiingereza chawapita baadhi yenu, washa manukuu ya YouTube kisha uchague kutafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri yenyewe ni ya mashine na itawachekesha, hasa kwenye matusi, lakini mkondo wa maneno mtaupata.

La projekta. Kumi mlioalikana sebuleni kwa mmoja wenu, baada ya isha, bila kiingilio na bila tangazo, hayo ni mambo ya nyumbani. Mkibandika karatasi Mkunguni, mkitoza hata shilingi ishirini, au mkitumia ukumbi wa watu wote, mmeingia katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sura ya 222, na hapo mwahitaji kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ambayo pia hutazama filamu inafaa umri gani. Kwa Decline tegemeeni 18. Kibali hicho hakimalizi hakimiliki. Filamu kuwa bure YouTube ni ruhusa ya kutazama, si ya kuonyesha hadharani, na mwenye ruhusa hiyo ni mtengenezaji.

Hapo ndipo udogo wa filamu hizi unapowafaa. Anwani huwa mwishoni mwa filamu au kwenye ukurasa wake, na anayesoma barua mara nyingi ni aliyeshika kamera mwenyewe. Kwa Instrument waandikieni Dischord, lebo ya Fugazi, iliyo Washington hadi leo. Andika mistari minne kwa Kiingereza: mko wapi, ni wangapi, hamtozi, mwataka kuonyesha tarehe gani. Wakikubali, chapisha jibu lao ulitie faili moja na barua ya bodi. Kama mwataka ukumbi wa Ngome, pelekeni nakala za vyote viwili kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo hapo, na mfanye hivyo mapema, si wiki ya Maulidi.